Tupeane uzoefu: Kutoka kwenye gari hadi kaunta ya uwanja wa ndege, kwa abiria anayehitaji msaada

Mleta mada

Ndugu wanachama, naomba tupeane uzoefu kuhusu kipande kimoja cha safari ya ndege ambacho miongozo mingi ya abiria hukigusa kwa sentensi mbili na kukiacha, nacho ni kile kinachoanzia pale injini ya gari inapozimwa kwenye maegesho na kuishia mbele ya kaunta ya kukabidhi mizigo. Mengi yameandikwa juu ya kupanda ndege, kuketi na kushuka. Lakini anayetumia kitimwendo, mzee ambaye magoti yake hayamudu mwendo mrefu, asiyeona, kiziwi na mzazi wa mtoto mwenye usonji, wote hukutana na kikwazo cha kwanza kabla hawajaonyesha tiketi kwa mtu yeyote, na kwa maoni yangu kikwazo hicho ndicho huamua hali ya safari nzima.

Viwanja vilivyo ndani ya miji vina ugumu wake. Vimebanwa na makazi, barabara na wakati mwingine maji, hivyo ardhi ya maegesho ni finyu, magari hupangwa kwenye majengo ya ghorofa, na eneo la kushushia abiria huruhusu dakika chache tu. Uwanja wa Billy Bishop wa mjini Toronto, kwa mfano, upo kisiwani, na abiria huufikia kwa kivuko au, tangu mwaka 2015, kwa njia ya waenda kwa miguu iliyochimbwa chini ya maji, yenye urefu wa mita 260 hivi pamoja na lifti. Anayeuangalia uwanja wa namna hiyo kwenye ramani ataona kuwa upo karibu sana na katikati ya mji, na ni kweli, lakini ukaribu wa mji na uwanja haumwambii chochote kuhusu umbali uliopo kati ya gari lake na kaunta.

Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinataka sehemu za kushushia na kuchukulia abiria wenye ulemavu ziwe karibu na milango mikuu kadiri inavyowezekana, na kinapendekeza maegesho ya kutosha kwa watu wenye shida ya kutembea. Hayo ni maandishi. Ninachoomba ni mtueleze yaliyowakuta: mliegesha wapi, msaada ulianzia wapi hasa, na ni nani aliyeshika wajibu wa kuwatoa garini hadi ndani. Mimi humsindikiza mama mkwe wangu, ambaye hutembea kwa fimbo na huchoka haraka, na nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: kutoka kwenye nafasi ya kuegesha hadi kaunta kuna hatua ngapi, na je, njiani kuna mahali pa kukaa?

Magurudumu Manne

Ahsante, mleta mada. Mimi hutumia kitimwendo na huendesha gari mwenyewe, gari lililofungwa vifaa vya kuendeshea kwa mikono. Kwa mtu wa aina yangu, nafasi ya kuegesha haipimwi kwa ukaribu wake na mlango peke yake, kwa sababu kinachotangulia ni upana. Ninalazimika kufungua mlango wa dereva hadi mwisho, kutoa fremu ya kiti, kuipachika magurudumu, kisha kujihamisha kutoka kiti cha gari hadi kitimwendo bila kugonga chochote. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya ufikikaji kwa watu wenye ulemavu vinataka nafasi ya gari dogo iwe na upana usiopungua mita 2.44 na ukanda wa pembeni usiopungua mita 1.52. Ukanda huo wenye mistari ya mshazari, ambao watu wengi hudhani ni nafasi iliyobaki bure, ndio unaoifanya sehemu hiyo ifae. Ukizibwa, alama ya kitimwendo iliyochorwa sakafuni haina kazi tena.

Hapa ndipo uwanja wa ndege unapotofautiana na maegesho mengine yote. Mtu aliyeegesha juu ya mistari hiyo nje ya duka atarudi baada ya nusu saa. Aliyefanya hivyo kwenye uwanja wa ndege yuko angani, na huenda asirudi kwa wiki nzima. Nilirudi usiku mmoja nikakuta gari la mtu limeegeshwa sentimita chache kutoka mlango wangu wa dereva, na hakuna wa kumwita. Aliyenisaidia ni mlinzi wa zamu, ambaye alikubali kulitoa gari langu nje ya mstari, kwa kuwa gari lenye vifaa vya mikono bado lina pedali zake za kawaida na mtu yeyote mwenye leseni anaweza kulisogeza. Tangu hapo ninachagua nafasi iliyo mwisho wa safu, ambayo ukanda wake unapakana na ukuta au ukingo wa njia ya miguu, hata ikiwa mbali zaidi na lifti. Pia ninaandika namba ya simu ya chumba cha udhibiti wa maegesho kabla sijaliacha gari, kwa sababu namba hiyo imebandikwa getini na si ndani, unakoihitaji.

Jambo la pili ni kimo. Wenzangu wanaotumia magari marefu yenye rampu au mashine ya kunyanyulia kiti hugonga mwamba kwenye maegesho ya ghorofa, kwani mengi yana kimo cha mita 2 na ushee tu. Viwango hivyo vya Marekani nilivyovitaja vinataka njia na nafasi za magari ya namna hiyo ziwe na kimo cha mita 2.49, lakini jengo la zamani halirefuki kwa sababu kanuni imeandikwa. Pima gari lako pamoja na chochote kilichofungwa juu ya paa, kisha uliza kimo cha chini kabisa cha njia nzima, si cha geti peke yake. Ukielekezwa maegesho ya wazi yaliyo mbali, swali linalofuata ni kama basi la kuwaleta abiria lina rampu, na kama lina rampu katika kila zamu au katika baadhi ya mabasi tu.

Kuhusu malipo, naomba niseme wazi: kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu haimaanishi kuegesha bure uwanjani. Kadi ya bluu inayotambulika katika nchi za Ulaya, ambayo mfano wake ulipendekezwa mwaka 1998, huhusu zaidi haki za barabarani, na maegesho ya viwanja vingi vya ndege yana masharti yake mwenyewe. Mahali pengine kuna punguzo, mahali pengine unalipia muda mfupi kwa bei ya muda mrefu, na mara nyingi ni lazima uionyeshe kadi ofisini kabla ya kulipa mashineni. Uliza kwa barua pepe na uje na jibu lililoandikwa.

Binti wa Mzee

Kaka Magurudumu Manne ameeleza hali ya dereva mwenye ulemavu. Mimi naomba nieleze ya dereva ambaye mwenye uhitaji amekaa kiti cha pembeni yake.

Baba yangu alipata kiharusi. Upande wake wa kulia hauna nguvu, na kumbukumbu yake hupotea ghafla, hivyo haiwezekani kumwacha peke yake penye watu wengi. Mara nyingi tunasafiri wawili tu. Sasa tazameni: eneo la kushushia abiria haliruhusu gari kuachwa bila dereva, nami siwezi kumwacha baba kando ya barabara na mizigo nikaenda kuegesha. Nikibaki na baba, gari litavutwa. Nikienda na gari, baba hana mtu. Katika uwanja mmoja nilimwomba msimamizi wa magari asimame naye kwa dakika chache, akanijibu kwamba hiyo si kazi yake na kwamba niondoe gari. Nilizunguka na baba garini, tukarudi pale pale, jibu likawa lile lile. Sikumlaumu sana yule kijana, kwani huenda aliagizwa hivyo, lakini aliyepanga utaratibu huo hakumfikiria msafiri mwenye mlezi mmoja.

Tulichofanya, na tunachofanya hadi leo, ni kuliacha kabisa eneo la kushushia. Tunaingia moja kwa moja kwenye maegesho ya muda mfupi, ghorofa ile ambayo ina daraja la kuingia jengo la abiria, na kutoka pale pale garini ninapiga simu ya huduma ya msaada. Baba anabaki ameketi mahali anapopafahamu, mlango ukiwa wazi, nami nikitoa mizigo taratibu. Mhudumu anakuja na kitimwendo, tunakwenda sote watatu. Tofauti ya hali ya baba ni kubwa mno. Anaingia ndani akiwa mtulivu, anasalimia watu, anakumbuka tunakokwenda.

Gharama ndiyo kikwazo, kwa kuwa maegesho ya muda mfupi hayakuwekwa kwa mtu atakayekaa safarini wiki mbili. Viwanja kadhaa vina huduma ya kuegeshewa gari, ambapo unakabidhi ufunguo mlangoni na mfanyakazi analipeleka gari mwenyewe. Watu huiona kama anasa ya matajiri. Kwa mlezi aliye peke yake si anasa hata kidogo, ni njia pekee ya kushuka bila kumtenga mgonjwa wake, na naamini viwanja vingepaswa kuitoa kwa bei ya maegesho ya kawaida kwa abiria wa namna hii. Nimeandika barua kuomba hivyo katika uwanja tunaoutumia, na nitaendelea kuandika.

Jambo dogo la kuongeza: piga simu asubuhi ya safari uulize kama lifti ya maegesho inafanya kazi. Jengo la ghorofa lenye lifti moja iliyoharibika ni sawa na jengo lisilofikika.

Mhudumu wa Zamani

Nimesoma kwa makini sana, hasa aliyoyaandika Binti wa Mzee. Nilifanya kazi ya kuwasaidia abiria uwanjani hadi nilipostaafu, na ninaweza kueleza kwa nini kipande hiki kinachozungumzwa hukosa mwenyewe.

Kwanza, sheria hazifanani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2008, iliweka wajibu wa msaada mikononi mwa mwendeshaji wa uwanja, tena bila malipo ya ziada kwa abiria. Kanuni hiyo inamtaka aweke sehemu maalumu za kufikia, ndani na nje ya jengo, ambapo abiria anaweza kutangaza kuwa amefika na kuomba msaada, na maegesho ya magari yametajwa kwa jina miongoni mwa mahali hapo, pamoja na vituo vya treni, mabasi na teksi. Kwa hiyo huko una haki ya kudai kwamba msaada uanzie maegeshoni. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya mwaka 1986 inayokataza ubaguzi wa abiria wenye ulemavu iliweka wajibu kwa shirika la ndege, na kanuni zake zinahesabu msaada kuanzia mlango wa jengo la abiria au sehemu ya kushushia iliyo kando ya mlango huo. Kutoka ghorofa ya tatu ya maegesho hadi mlangoni si sehemu ya wajibu wa shirika, na hapo ni lazima uzungumze na ofisi ya maegesho yenyewe. Katika nchi nyingine zozote, uliza pande zote mbili, uwanja na shirika, kwa sababu kila mmoja anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba kazi hiyo ni ya mwenzake.

Pili, taarifa zenyewe. Ulaya abiria hutakiwa kutoa taarifa saa 48 kabla ya muda wa kuondoka uliotangazwa, na shirika lililopokea taarifa linatakiwa kuipeleka uwanjani saa 36 kabla. Anayefika bila taarifa hatupwi, maana uwanja unatakiwa kujitahidi kadiri inavyowezekana, lakini orodha ya wahudumu wa zamu ilikwisha kupangwa. Tatizo kubwa nililoliona ni la tiketi zilizonunuliwa kupitia wakala: mteja amejaza kila kitu, lakini ombi halikufika kwa shirika. Pigia simu shirika lenyewe na uwaombe wakusomee alama iliyowekwa kwenye tiketi yako.

Alama hizo ni za kimataifa. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila mwendo mrefu humshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini anafika kitini mwake kwa miguu. WCHC hawezi vyote viwili na lazima asaidiwe hadi kitini. Asiyeona huwekewa BLND, na kiziwi DEAF. Angalieni sasa kinachokosekana. Alama hizi zote zinaeleza ngazi na ndege, wala hakuna hata moja inayosema kwamba abiria yupo kwenye gari jeupe ghorofa ya tatu karibu na nguzo namba fulani. Zilinifikia kwenye karatasi nikajua kuwa saa nne kuna WCHS wawili, lakini sikujua kama watanisubiri kaunta, mlangoni au kwenye maegesho, na mara kadhaa nilimsubiri mtu kaunta huku yeye akinisubiri garini. Kwa hiyo, pamoja na alama, ombeni kwa maneno: msaada uanzie maegesho fulani, saa fulani, na namba ya simu ya abiria ni hii.

Kuhusu muda, ikiwa hukupewa saa yoyote kwa maandishi, kanuni ile ya Ulaya inahesabu saa 2 kabla ya kuondoka kwa anayejitangaza kwenye sehemu maalumu ya nje, na saa 1 kwa anayefika kaunta moja kwa moja. Tofauti hiyo ya saa nzima ndiyo hugharimu watu ndege. Anayetaka achukuliwe maegeshoni awe maegeshoni mapema kuliko jirani yake anayetembea.

Fimbo Nyeupe

Mimi sioni, na siendeshi gari, kwa hiyo maegesho yangu ni pale dereva anaponishusha. Nawaomba wanaotusindikiza au wanaotubeba kwa teksi wazingatie mlango wanaotushushia. Ukinishusha upande wa pili wa njia ya magari, hata kama ni hatua kumi na tano tu, umeniacha ng'ambo ya njia ambayo sijui magari yanatoka upande gani, katikati ya kelele za injini na toroli. Mwelekeze dereva kabla hamjafika: mlango wa jengo uwe upande wa mlango wangu wa gari. Na akishanishusha aniambie kwa maneno, mlango upo mbele yako kwa hatua ishirini, ukingo wa njia upo kulia, hakuna ngazi. Hayo yananitosha.

Ninaomba pia nilizungumzie jambo ambalo huwasumbua wengi wetu. Mhudumu akisikia abiria asiyeona, huja na kitimwendo. Mimi natembea vizuri. Kukalishwa kwenye kiti kunaninyima kuijua njia, na mara ijayo nitakuwa mgeni tena pale pale. Nimezoea kusema kwa upole kwamba nitashika kiwiko chake na kutembea naye, atangulie nusu hatua, aniambie tunapofika kwenye ngazi au mteremko. Wengi hukubali kwa furaha, na baadhi wameniambia hawakuwahi kuelezwa hivyo kabla. Mzee wetu Mhudumu wa Zamani atakuwa shahidi kwamba kiti mara nyingine huletwa kwa sababu ya haraka ya zamu. Haraka hiyo naielewa, lakini miguu ni yangu.

Mhudumu wa Zamani

Ni kweli kabisa, ndugu yangu Fimbo Nyeupe. Kiti huenda haraka kuliko watu wawili wanaotembea, na msimamizi huhesabu dakika. Abiria ana haki ya kukikataa.

Kimya Kimya

Mimi ni kiziwi. Nimesoma mara nyingi humu maneno "piga simu", na viwanjani huandikwa "bonyeza kitufe cha kuita msaada". Kitufe hicho, katika viwanja nilivyopita, kina kipaza sauti na hakina kioo cha maandishi. Geti la maegesho likigoma kufunguka, kuna kitufe kingine chenye sauti. Nimewahi kukaa mbele ya kizuizi, magari yakijipanga nyuma yangu yakipiga honi ambazo sizisikii lakini nilizijua kwa taa zao, huku mtu wa upande wa pili wa kipaza sauti akiniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu. Ninachofanya sasa ni kulipia maegesho mapema mtandaoni kwa namba ya gari, ili geti lisome namba na kufunguka lenyewe, na kutunza namba ya ujumbe mfupi ya maegesho ikiwa ipo. Kama haipo, ninaandika kwenye karatasi kubwa, "Mimi ni kiziwi, geti halifunguki," na kuinyanyua mbele ya kamera. Imefanya kazi. Bado naona ni haki yetu kuwa na kioo cha maandishi kwenye kila kitufe cha namna hiyo.

Mama wa Watatu

Dada Binti wa Mzee, nimekuelewa mno uliposema habari ya mahali anapopafahamu. Mwanangu wa kati ana usonji, na gari kwake ni chumba salama. Kumtoa humo na kumwingiza ghafla kwenye lifti ya chuma, kisha kwenye ukumbi wenye matangazo na taa, ni kumvusha mipaka mingi kwa wakati mmoja.

Tunafanya hivi. Siku chache kabla ya safari ninatafuta picha za uwanja wenyewe, nazipanga kwa mfuatano: geti la maegesho, lifti, daraja, kaunta. Tunazitazama pamoja kila jioni. Siku ya safari tunafika mapema, tunaegesha ghorofa yenye magari machache, na tunabaki garini hadi baba yao anaporudi na kutuambia kwamba foleni ya kaunta imepungua. Yeye ndiye hutangulia na mizigo. Tunalipa zaidi kidogo kwa muda huo wa kusubiri, na sijawahi kujutia.

Kamba ya kijani ya shingoni yenye maua ya alizeti imetusaidia pia. Ilianza mwaka 2016 katika uwanja wa Gatwick, Uingereza, kwa ajili ya abiria wenye ulemavu usioonekana kwa macho, na sasa viwanja vingi katika nchi mbalimbali huitambua. Wazazi wenzangu wajue kwamba kamba hiyo haikupi haki ya kuruka foleni, ila inamwambia mfanyakazi kuwa huyu anahitaji muda au maelezo ya taratibu. Kasoro niliyoiona ni kwamba kamba hutolewa kwenye dawati la ndani, wakati wafanyakazi wa maegesho na wa basi la maegesho ndio wa kwanza kumwona mtoto wangu akiziba masikio na kulia. Ombeni mtumiwe kabla ya safari pale inapowezekana, na muivae tangu garini.

Mleta mada

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Hasa lile la alama za kimataifa kutosema abiria yupo wapi limenieleza kwa nini mama mkwe wangu alisubiri mara nyingi ilhali ombi lilikuwapo. Naomba sasa tuzungumzie kurudi. Watu hupanga sana kuondoka, lakini usiku wa kurudi abiria amechoka, na gari lipo mahali fulani ghorofani. Msaada huishia wapi?

Magurudumu Manne

Kwa viwanja vilivyo chini ya kanuni ya Ulaya, msaada wa kuwasili unatakiwa kukufikisha hadi sehemu maalumu, na kama maegesho ni mojawapo basi ni huko. Nakiri si kila mhudumu anayelijua hilo, hivyo ninamwambia mapema, tukiwa bado mlangoni mwa ndege, kwamba gari langu lipo maegeshoni. Akiambiwa kwenye ukumbi wa mizigo, atakuwa amekwisha kupangiwa abiria mwingine.

Lakini kwangu swali la kurudi linaanza na kiti chenyewe. Omba kitimwendo chako kiletwe mlangoni mwa ndege na si kwenye mkanda wa mizigo, na omba hivyo unapokikabidhi, kisha umkumbushe mhudumu wa ndege kabla ya kutua. Kikague pale pale: breki, magurudumu, sehemu za kuwekea miguu, nyaya. Ninapiga picha za kiti kabla ya kukikabidhi, nikiwa bado maegeshoni, ambapo kuna nafasi na hakuna anayenisukuma. Kikiharibika, toa taarifa kabla hujaondoka uwanjani na upate nakala. Katika safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, dai la mzigo ulioharibika linatakiwa kuandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea, na fidia ina kikomo, ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni vizio 1,519 vya haki maalumu za kuchota za Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani kipimo cha kimataifa cha kuhesabia thamani ya fedha. Viti vingi vya umeme vina thamani kubwa kuliko hiyo. Mkataba unaruhusu abiria kutangaza thamani maalumu wakati wa kukabidhi mzigo, na nawasihi wenye viti vya gharama waulize shirika lao juu ya hilo.

Wenye viti vya umeme vyenye betri za lithiamu zinazotolewa wajue hesabu yao kabla ya kuondoka nyumbani: betri moja isizidi wati-saa 300, au mbili zisizozidi wati-saa 160 kila moja, na zikitolewa husafiri nawe ndani ya ndege. Kama betri imeandikwa volti 24 na ampea-saa 10, zidisha, utapata 240. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uibandike kwenye kiti, maana ukibishana kaunta muda unakwisha.

Binti wa Mzee

Nami naongeza la kurudi kwa wanaosafiri wawili. Tukifika kwenye ukumbi wa mizigo, kabla ya kutoka, ninapiga simu ofisi ya maegesho na kuuliza mambo mawili: kama lifti inafanya kazi usiku huo, na kama mashine ya kulipia iliyo karibu na daraja ipo hai, kwa sababu mara nyingi ile iliyo karibu ndiyo mbovu na inayofanya kazi ipo ghorofa ya chini. Mhudumu anapokubali kutufikisha garini, ninalipa tukiwa naye bado, baba akiwa ameketi. Baada ya kulipa, geti huhesabu dakika chache za kutoka, ambazo hazimtoshi mtu anayehitaji kuhamishwa polepole kutoka kiti hadi gari. Niliwaeleza wafanyakazi wa ofisi hiyo, wakanionyesha kwamba nikibonyeza kitufe cha geti na kutaja namba ya tiketi wataturuhusu bila malipo ya ziada. Waulizeni wa kwenu kama wanafanya hivyo, na muulize siku ya kwenda, ofisi ikiwa wazi na ninyi mkiwa hamjachoka.